Jumapili ya Tangazo la Tatu

Mama Nesi hakupiga simu. Alikuja mwenyewe asubuhi, nikiwa nakata sare za shule, akasimama mlangoni pa kibanda changu cha ushonaji hapa Kibiti akaniomba nimtafutie kanga nyeusi. Nilidhani kafiwa na mgonjwa wake, maana huwa anakwenda hata kwenye misiba ya watu aliowachoma sindano mara moja tu. "Nani tena, mama?" nikamuuliza. Akasema, "Mume wangu." Akaketi kwenye kiti cha wateja, akavua viatu na kuviweka sambamba, kama mtu aliyeingia nyumba ya wenyewe. Mwalimu Kasiani alikuwa amefariki Mbwera, huko visiwani kwenye delta, na walikuwa wameshamzika, kwa jina jingine, kwa dua za dini nyingine, mbele ya mke mwingine na watoto. Ndani ya kibanda walikuwamo wateja wawili, na wote wawili walizijua habari zile tangu mwanzo, kwa sababu mji wetu ni mdogo na barabara ni moja. Hakuna aliyemsahihisha. Mmoja alisema, "Pole, mama." Mwingine akasogeza feni imwelekee.

Jioni nilimwambia Festo, mume wangu. Alikuwa ananawa mikono yenye masizi ya kazi, akaacha maji yakimwagika. "Kwa hiyo ndoa yake imekwisha sasa," akasema. Mimi sikuwa nimewaza hivyo. Nilikuwa nimeshika kisu cha kukatia vitunguu, nikakaa chini jikoni na kisu changu, nikaona kweli: miaka yote hii mama yule alikuwa mke wa mtu, na jana tu, bila kuambiwa, ndipo alipofunguliwa. Vijana wa kanisani wanaokuja kupima magauni kwangu huwa wananiuliza kama ndoa ni tamu. Nawaambia ni tamu. Lakini nikiwa nimeinama na futi yangu kiunoni mwao, nikisoma vipimo, huwa nauona ule mwaka nilioolewa mimi, na kuna saa mkono unaniganda.

Habari za kwetu milimani, na jinsi nilivyoshuka pwani na cherehani ya kupewa, nitaziacha, haziingii humu. Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini, cheti cha kidato cha nne kisichofaa hata kufungia vitumbua, na kichwa kilichojaa maharusi. Nilipanga chumba cha mbele katika nyumba ya Mwalimu Kasiani na mkewe Tekla. Wao pia walikuwa wageni kutoka bara kama mimi: yeye mwalimu wa shule ya msingi huko Mbwera, mkewe nesi hapa Kibiti. Hawakujaliwa mtoto. Watu walimwita Mama Nesi kwa heshima, ili asikose kuitwa mama. Nyumba haikuwa na dari, kuta ziliishia chini ya kenchi, kwa hiyo neno likisemwa chumba cha nyuma lilipanda, likatembea juu ya mbao, likashuka kwangu bado lina moto. Nami nilikuwa msichana wa kupenda kusikia. Nikiwa nakanyaga cherehani niliwatungia wale wawili hadithi nzuri kuliko zote, nikasema, siku nikiolewa nataka nyumba inayosikika hivi.

Maana ilikuwa inasikika vizuri. Mwisho wa mwezi Mwalimu alipanda boti kutoka Mbwera mpaka Nyamisati, halafu bodaboda mpaka nyumbani, akifika na kiroba cha kamba wakavu na mchele mpya unaonukia chumba kizima. Mama Nesi aliwapika kamba kwa nazi nzito na bamia, akaniita nije kula nao, tukakaa mkekani ukumbini. "Huko kwenu mikokoni hakuna sabuni?" angemwambia, akimnusa kola. "Ipo, ila kaa wanaila," angejibu yeye, na mimi ningepaliwa na wali kwa kicheko. Alikuwa mwanamume mpole mwenye sauti ya ubaoni, aliyezoea kurudia neno la mwisho la kila sentensi kama anasubiri darasa lijibu. Usiku wao sikuusikiliza, namshukuru Mungu nilikuwa na adabu hiyo. Ila alfajiri niliwasikia wakisali pamoja, sauti mbili, moja ikichelewa kidogo nyuma ya nyingine.

Festo nilimpata kwa njia ya ovaroli. Alikuwa fundi wa kuchomea mageti na madirisha, na cheche zilimtoboa nguo. Kila wiki alikuja na tundu jipya, mpaka nikaanza kushuku kwamba anajichoma makusudi. Nilipomuuliza akasema, "Nisipoungua utanionaje?" Nikacheka, nikashona, na kabla mvua za vuli hazijaanza akawa amenichumbia. Tulipoulizwa kanisani wasimamizi wetu ni nani, sikuwaza mara mbili. Nikawataja Mwalimu Kasiani na Mama Nesi.

Hapa nieleze jambo, kwa sababu mwaka wote uligeukia hapo. Kigango chetu, kanisa dogo lisilo na padre wake, kilikuwa cha wageni watupu: walimu, manesi, askari, wachuuzi. Hakuna aliyekuwa na shangazi wala mjomba karibu wa kusimama aseme, huyu namjua, ndoa ya kwao imesimama. Kwa hiyo Katekista Donati, mkulima wa korosho aliyekuja kwa baiskeli kutoka Mahege, alikuwa ameweka desturi yake. Ndoa ilitangazwa Jumapili tatu, ili mwenye pingamizi aseme. Na Jumapili ya tangazo la tatu wasimamizi, ambao lazima wawe mke na mume waliofunga ndoa, walipita mbele ya altare wakashikana mikono na kurudia kiapo chao cha ndoa, neno kwa neno, mbele ya wachumba na watu wote. Ndiyo iliyokuwa dhamana yetu sisi tusio na ukoo. Mpaka mwaka wetu ilikuwa sherehe ya kuchekesha. Wazee walisahau maneno, wake zao wakawafinya, watu wakapiga vigelegele.

Mafundisho tulipewa alasiri, kwenye chumba kidogo nyuma ya kanisa kilimotunzwa majembe na sanamu ya Bikira Maria iliyokatika mkono. Nilidhani tutafundishwa kuvumiliana na kutorushiana maneno. Katekista akatufundisha neno moja tu, agano. "Mkataba mnaandikiana wawili," alisema. "Mwenzio akivunja, na wewe umefunguka. Agano si hivyo. Agano Mungu anakaa katikati yenu, na akishakaa, hatoki hata nyie mkitoka." Kisha akatueleza jinsi watu wa zamani walivyofunga agano: walipasua ndama vipande viwili, wakavipanga huku na huku, wakapita katikati, maana yake, atakayevunja na awe kama huyu. Nilikuja kutafuta shela, nikaonyeshwa bucha. Festo akauliza, "Na mmoja akikataa kupita?" Katekista akakuna kidevu. Akasema kwamba kwa Ibrahimu, aliyepita kati ya vile vipande ni Mungu peke yake. Ibrahimu alikuwa amelala. Njiani Festo akanishika mkono, wake ulikuwa wa baridi, na jua lilikuwa kali.

Mvua zilianza na hazikujua kukoma. Mto ulitanda mabondeni, watu wa kando walihama na kuku na magodoro, na kila asubuhi mbele ya nyumba yetu palipita mtu aliyebeba mlango. Mwisho wa mwezi ulifika, Mwalimu hakuja. Alituma salamu kwamba boti hazitembei. Mwezi uliofuata boti zilitembea, maana niliona wauza samaki wa Nyamisati sokoni, lakini yeye alifika kwa usiku mmoja tu, mikono mitupu, akala kidogo. Asubuhi Mama Nesi alinipa shati la mumewe nikaze kola. Begani palikuwa pamechanika, na palikuwa pameshonwa. Mama Nesi akishona kitu alikishona kama jeraha, fundo mojamoja. Huu ulikuwa mshono wa kulaza, uzi ukipita kwa mshazari, unavyounganishwa ukili, zile tepe za ukindu zinazofanya mkeka. Wanawake wa Rufiji huunganisha hivyo, wanakaa barazani wanaunganisha kutwa. Nililitazama lile bega muda mrefu. Kisha nikakaza kola, nikalipiga pasi, nikalirudisha, na Mama Nesi akalipokea kwa mikono miwili. Akapitisha kidole gumba juu ya ule mshono.

Jirani yetu alikuwa Bi Mwajuma, mwenyeji wa hapahapa, mjane na msusi wa mikeka, aliyeniita mwali tangu siku niliyoposwa. Siku moja aliniita barazani kwake, akanisukumia kisahani cha visheti. "Mie si mmbea," akaanza, "ila masikio sikuyanunua, nimepewa." Akasuka kidogo. "Mwalimu wenu kapeleka posa Mbwera. Wenye binti wamemwambia asilimu kwanza. Naye hajakataa."

"Bi Mwajuma, ana mke yule."

"Najua ana mke, mwali, si nala chumvi yake? Kwetu mwanamume akitimiza masharti si haramu. Na mwanamke akichoka, mlango upo, Mungu haupendi lakini kauweka. Nyie mlango hamna." Akavuta chane ya ukindu kwa meno. "Ndiyo maana mie namlilia Nesi. Yule binti wa watu hana kosa, wala waliomzaa. Nesi ndiye atakayebaki ndani ya nyumba isiyo na mlango."

Nilimweleza Festo jioni ileile, kwa sauti ya chini, chumbani kwangu, mlango ukiwa wazi kwa heshima. Festo alikasirika kuliko nilivyotazamia. Alisema tubadili wasimamizi kabla ya tangazo la kwanza. Alisema ndoa ni kama chuma, ukiunganisha kwenye kutu inaachia. "Agripina, mimi sisimami mbele ya Mungu na mtu anayejiandaa kumwacha mkewe. Nuksi hiyo." Nami nililia, si kwa ajili ya Mama Nesi peke yake, nasema ukweli, bali kwa ajili ya harusi yangu niliyoishona kichwani kwa miaka, sasa imeingia doa kabla haijavaliwa.

Asubuhi yake Mama Nesi aliniita kwenye chai. Kulikuwa na viazi vitamu na chai ya rangi. "Nimewasikia," akasema. "Nyumba hii haina dari." Nikataka kuomba radhi, akainua kiganja. "Haya yote nayajua tangu vuli ianze. Nimemuuliza, ananiambia, Tekla, nataka mtoto aniite baba kabla sijafa. Nimjibu nini? Nami nilitaka." Akanimenyea kiazi kama mtoto. "Sasa nakuomba kitu kimoja. Msibadilishe wasimamizi. Mkibadilisha, atanivukia kimyakimya, kidogo kidogo, mwezi huu haji, mwezi ujao haji, mpaka ionekane kama ni mto tu umetutenga. Lakini akiwa msimamizi wenu, itabidi aje asimame pale, anishike mkono, aseme. Kasiani hajawahi kusema uongo mbele ya msalaba. Akisema, basi amerudi. Sijui wewe unaelewa, mwanangu. Sina kingine cha kumshikia."

Nilielewa. Nilielewa pia kwamba asiposema, kila mtu Kibiti atasikia hajasema. Nilimwambia hivyo. Akamimina chai kwenye kikombe changu mpaka ikafika ukingoni, akasema, "Kunywa." Festo nilimshawishi kwa siku nzima. Mwishowe alikubali, akasema tu kwamba anaogopa, na mimi nikamcheka, kwa sababu nilikuwa bado mdogo na niliona mwanamume anayeogopa harusi ni kitu cha kuchekesha.

Tangazo la kwanza lilisomwa, majina yetu yakasikika vizuri kanisani, nikaona haya tamu. Tangazo la pili lilisomwa, na wakati Katekista akiuliza kama yupo mwenye pingamizi, mvua iliongezeka juu ya mabati na watu wakageuka kutazama mlango. Hapakuwa na mtu. Wiki ile Mama Nesi alipaka nyumba chokaa, peke yake, baada ya kazi. Aliazima kwangu pasi. Alinunua kamba sokoni, yeye ambaye siku zote aliletewa. Nyimbo za kanisa alizoimba akifagia zilikuwa za furaha, ila aliziimba kwa sauti moja, bila kupanda wala kushuka, na mimi nikiwa upande wa pili wa ukuta nilijikuta nimeacha kukanyaga cherehani ili nisikie kama atazimaliza.

Mwalimu alikuja. Jumapili ya tangazo la tatu, ibada ikiwa imeshaanza, aliingia kwa mlango wa pembeni akiwa amelowa mpaka magotini, akakaa kando ya mkewe, na kanisa zima likashusha pumzi. Nami nilishusha. Nilimtazama Festo kama kumwambia, umeona? Mama Nesi alitoa leso akamfuta shingo, hakumtazama usoni. Majina yetu yakasomwa. Hakuna pingamizi. Katekista akakunja kile kijikaratasi chake mara nyingi kuliko kilivyohitaji, akasema, "Wasimamizi waje mbele."

Wakaja. Wakashikana mikono ya kuume. Sisi wachumba tulisimama karibu nao kiasi kwamba niliona maji yakidondoka kutoka kwenye suruali yake na kwenda polepole kwenye ufa wa sakafu. Mwalimu akaanza kwa sauti yake ileile ya ubaoni. "Mimi Kasiani, nilikupokea wewe, Tekla, kuwa mke wangu." Akarudia peke yake, mke wangu. Kisha akanyamaza. Mvua ilikuwa kubwa, watu wa nyuma walidhani hawasikii, wakanyoosha shingo. Katekista akamwambia taratibu neno linalofuata, kama mtu amkumbushaye mtoto: naahidi kuwa mwaminifu kwako. Midomo ya Mwalimu ilisogea. Katekista akarudia. Mwalimu akatikisa kichwa, akainamisha macho yake kwenye mikono yao miwili, na nikaona anajaribu kuutoa wake, na nikaona Mama Nesi hauachilii.

Akasema yeye. Hakungoja kuambiwa. Alipandisha sauti juu ya mabati, kwanza ikakwaruza, kisha ikakaa. Alisema, mimi Tekla, nakupokea wewe, Kasiani, kuwa mume wangu. Akasema uaminifu, akasema taabu na raha, akasema magonjwa na afya. Akasema siku zote za maisha yangu, akalisema neno hilo bila haraka, na hakukuwa na hasira ndani yake, wala kuomba. Ilikuwa kama mtu anayefunga mlango kwa ndani. Alipomaliza ndipo akamwachia mkono. Hakuna aliyepiga kigelegele. Mtoto mmoja alicheka nyuma akanyamazishwa.

Mchana Mwalimu na mkewe walikula nyumbani. Niliitwa nikakataa, nikakaa chumbani kwangu na uzi ambao sikuutia kwenye sindano. Harufu ya nazi ilipita juu ya ukuta. Nilisikia vijiko. Nikamsikia Mwalimu akisema, "Sikuweza kusema uongo pale, Tekla." Na Mama Nesi akajibu, "Najua. Hukusema. Na mimi sikusema uongo." Kisha ikaja sauti ya mwanamume mzima akilia na chakula mdomoni, na Mama Nesi akimwambia taratibu ameze kwanza. Kabla ya alasiri Mwalimu alipita mlangoni kwangu na begi lake. "Nimekuharibia, mwanangu," akasema, akarudia, mwanangu. Bodaboda ilimpeleka Nyamisati katika mvua ileile. Hakurudi tena kulala nyumba ile.

Kila mtu alikuwa na shauri lake. Wengine kanisani walisema ndoa yetu iahirishwe. Katekista mwenyewe alikonda, akasema desturi aliitunga yeye na sasa hajui njia ya kutokea. Bi Mwajuma alikuja kwa Mama Nesi na mkeka mpya, akakaa naye kutwa. Nami nilikuwa nimepoteza ile harusi ya kichwani. Nikiifikiria sikuona tena keki wala maua, niliona mkono ukijaribu kutoka ndani ya mkono. Nilimwendea Festo karakana. Nikamwambia sitaki wasimamizi wengine. Nikamwambia, tukipata wasimamizi walioambiana maneno wakacheka, tutakuwa tumedanganywa. Namtaka Mama Nesi asimame peke yake. Festo alivua miwani yake ya kazi, macho mekundu. "Wewe huogopi?" akaniuliza. Nikamwambia naogopa. Akafikiri. "Haya," akasema. Padre, aliyefika kigangoni mara moja kwa mwezi, alisema ndoa inataka mashahidi wawili, basi. Katekista akajitolea kusimama upande wa Festo.

Siku yenyewe kulikucha mawingu mazito bila mvua, joto la kubana kifua. Gauni nililishona mwenyewe. Mama Nesi alinifunga vifungo vya mgongoni, vidole vyake vikiwa vikavu, akanishikia shela mpaka mbele, kisha akasimama nyuma yangu karibu sana, nikisikia pumzi zake. Wakaimba, padre akauliza maswali yake, tukajibu. Ikafika zamu ya Festo kusema. Akanishika mkono. Akanipokea kuwa mke wake, akafika palepale, kwenye neno lilelile, akanyamaza.

Niliona padre akifungua mdomo amsaidie, na Katekista akimgusa kanzu kumzuia. Festo hakunitazama mimi. Alimtazama Mama Nesi juu ya bega langu, kwa muda, kama mtu anayepima uzito wa chuma kabla hajakiinua, na jasho lilimtoka kwenye nywele likashuka mpaka kidevuni. Nyuma yangu Mama Nesi aliweka kiganja chake katikati ya mgongo wangu, akakiacha hapo. Ndipo Festo akanirudishia macho, na nikaona kwamba anasikia kila neno analotaka kusema. Akasema naahidi. Akayasema yote mpaka siku zote za maisha yake, kwa sauti ndogo, ya mtu mwenye hofu. Kisha watu wote wakanigeukia mimi, na kile kiganja mgongoni kikaondoka.